Kiti cha Mama Mkwe Nje ya Yadi

Kwa miaka sita mama mkwe wangu hakunitukana hata mara moja. Nataka hilo lieleweke mapema, maana watu wakisikia neno mama mkwe hukimbilia kumwonea huruma mwanamume. Hakunipigia kelele, hakunisengenya kwa majirani. Alichofanya ni kutonisemesha tu. Tangu nilipomwoa binti yake wa pekee, hakuwa amenielekezea neno.

Si kwamba alikuwa bubu. Mbele yangu alizungumza vizuri kabisa, ila maneno yote yalipitia kwa mtu mwingine. Nikisema, "Shikamoo mama," anamgeukia binti yake: "Mwambie mumeo marahaba." Mke wangu ni nesi, kwa hiyo mara nyingi hayupo nyumbani, na asipokuwepo maneno yalipitia kwenye vyombo. "We birika, mwambie huyo bwana chai inapoa." "We mlango, hivi aliyekuacha wazi alizaliwa stendi?" Mlango haukujibu, nikajibu mimi, naye akautazama mlango kwa mshangao kana kwamba umejifunza kusema.

Mimi ni fundi bomba. Siku moja niliitwa kwake kuzibua sinki la jikoni, nikazibua, na baada ya miezi michache nikarudi na wazee kumposa binti. Kwa mama ilikuwa sawa na kumwita fundi ndani akaondoka na kabati. Mke wangu aliniambia nisijali, mama hana ubaya, ataona mwenyewe. Miaka ikapita, mama hakuona. Kimya kingi kina mshindo, wanasema, na mimi niliusubiri huo mshindo mpaka nikauzoea ule ukimya.

Niliweza kuuzoea kwa sababu aliishi mbali. Kisha akaanguka bafuni kwake, akaumia mguu. Alilala sakafuni mpaka jirani aliposhangaa kwa nini dirisha la jikoni halijafunguliwa. Mke wangu akamfuata, akamleta kwetu, na mama akakubali kuja kwa sharti moja: anakuja kutazama tu. Begi lake hakulipakua. Kila asubuhi alitoa gauni moja, jioni akalifua, likikauka akalirudisha begini na kufunga zipu.

Usiku wa pili mke wangu alinivuta jikoni. "Akirudi kule atakaa peke yake," aliniambia. "Siku nyingine akianguka, jirani atakuwa amesafiri. Nataka akae hapa. Na wewe ndiye unayeshinda nyumbani ukisubiri simu za wateja."

"Mama mwenyewe hanisemeshi hata kwa bahati mbaya."

"Basi mfanye akusemeshe."

Nikataka kucheka, lakini nikaona machozi. Mke wangu huyu damu ya watu anaifuta kama mtu anayefuta mchuzi mezani, wala hakunji uso. Kumwona analia kulinitisha kuliko kitu chochote. Nikasema sawa, mama atakaa, niachie mimi. Mwanamume akishasema niachie mimi, ujue hana wazo hata moja kichwani.

Siku zilizofuata mama alikaa sebuleni akitazama ukuta. Alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Nilijaribu habari za hali ya hewa, nilijaribu vichekesho. Nilipomaliza kichekesho cha tatu aliiambia redio, "Afadhali wewe una kitufe cha kuzimia."

Halafu alasiri moja upepo ulivuma kutoka upande wa yadi ya reli. Yadi, pale mabehewa yanapopangwa, haiko mbali na kwetu, ila masikio yetu yalishaizoea. Ilisikika ile sauti ya mabehewa kugongana, go, go, go, go, ikikimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mama akainua kichwa.

"Anasukuma," aliiambia redio. "Anasukuma kwa papara."

Mke wangu aliporudi akanieleza. Marehemu baba mkwe alikuwa mpanga mabehewa. Si dereva. Ni yule mtu anayesimama chini, pembeni ya reli, na kumwongoza dereva wa kichwa kidogo cha treni kwa ishara za mikono. Kila mchana mama alimpelekea chakula, akabaki kwenye uzio akitazama, mpaka akazijua ishara zote kama anavyojua kuosha vyombo. Usiku huohuo mama akatoa tamko mezani: "Mwambie mumeo, kama njia anaijua, anipeleke nikatazame."

Nilifurahi. Nilijua kila mfereji wa mji huu, yadi ya reli itanishindaje?

Kesho yake tulikwenda lango kuu. Nilibeba kiti cha plastiki, maana mguu wake haukuwa umepona vizuri. Mlinzi alikitazama kile kiti kwa uchungu.

"Kaka, hapa ni kazini, si sinema."

"Tunatazama tu kwa nje," nikasema.

"Nje ni kule," akasema, akionyesha upande wa pili wa barabara, ambako kulikuwa na ukuta na tangazo la godoro. Mama aliliambia kufuli la lango kwamba wengine wakipewa funguo hudhani wamepewa ufalme. Tukaondoka kabla mlinzi hajaelewa kwamba si kufuli linaloambiwa.

Siku iliyofuata nikampeleka kwenye daraja la waenda kwa miguu linalopita juu ya reli. Kupanda ngazi kulituchukua muda wa kutosha mtu kupika maharage. Mimi kiti kichwani, mkono mmoja nimemshika yeye, yeye amejifanya ameshika chuma cha pembeni na mkono wangu umepita hapo kwa bahati. Tulipofika juu, kile kichwa kidogo kilikuja kweli, kikapita chini yetu, tukaona paa lake. Kikarudi, tukaona paa tena.

"Kiti," alisema mama, "mwambie aliyekubeba kwamba hata kunguru anaona hivi."

Nilikasirika. Nilishuka zile ngazi nikinong'ona maneno ambayo mkwe hatakiwi kuyanong'ona. Lakini nilipokuwa nimelala usiku nikakumbuka kiwanda cha unga, ambako niliwahi kubadilisha bomba lililopasuka. Nyuma ya kiwanda kile reli inatoka nje ya yadi kupitia lango la chuma, inapinda, inakata barabara, na kuendelea kidogo hadi kwenye majani inapoishia. Pembeni mwa kivuko cha reli kuna kichuguu cha udongo kilichoachwa na waliochimba mtaro, na chini yake kuna kibanda cha mama chai. Kesho yake nikaweka kiti juu ya kichuguu, nikamkalisha mama, nikasubiri kuambiwa kupitia kwa kichuguu kwamba nimekosea tena.

Lango likafunguliwa. Yakatangulia mabehewa, moja baada ya jingine, taratibu, na nyuma kabisa kikaja kile kichwa kidogo, kifupi na kichafu, kikikoroma. Kilisukuma mlolongo wote nje mpaka na chenyewe kikatoka, kikasimama. Kisha kikavuta kila kitu kurudi ndani, kwenye reli nyingine. Baada ya muda kikaja tena.

Mama hakusema neno kwa kitu chochote. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Baadaye mama chai alipopanda kumletea kikombe na kumuuliza kuna nini cha kutazama, akamweleza, na nina hakika alijua nasikiliza.

"Ndani kumebanana. Ni kama kabati la sufuria, unayoitaka iko chini ya zote. Lazima uzitoe zote nje, uziweke, ndipo upange upya. Wanaong'ang'ania lango kuu wanapoteza muda wao. Kazi yote inakuja huku nje kugeukia."

"Na yule wa kizibao anapunga mikono ya nini?"

"Yule ndiye macho. Dereva yuko nyuma, mbele haoni, anamtazama yule. Mkono ukizungushwa hivi, njoo. Kiganja kikishushwa hivi, polepole. Mikono yote miwili juu, simama hapohapo, usiulize." Akanywa chai. "Na wewe unayevuka hapa na ndoo, tazama kwanza. Kelele iko nyuma kwenye injini. Behewa linalosukumwa linakuja kama paka."

Tangu siku hiyo tukawa watu wa kichuguu. Mpanga mabehewa alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kizibao cha njano cha mistari inayong'aa, na ishara zake zilikuwa za mtu aliyetoka kuamka. Mama alimwita Bwana Pole. "Huyu anaita treni au anafukuza nzi?" alimuuliza mama chai, kwa sauti ya kufika kivukoni. Bwana Pole alisikia. Siku ya pili akanyoosha mkono kidogo, siku ya tatu akaunyoosha wote, na baada ya wiki alikuwa anamwongoza dereva huku akimwibia mama jicho, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Naye mama hakuacha mikono yake ipumzike. Kila ishara aliyotoa Bwana Pole, mama aliitoa pia kwenye kiti chake, ila yake ilikuwa safi zaidi. Dereva akawa anapiga honi fupi akipita, na mama anaitikia kwa kichwa.

Akaanza kula. Akaanza kuimba bafuni. Mke wangu alinitazama kwa macho ambayo sikuyaona tangu tulipooana, nikatembea nyumbani kifua mbele.

Lakini mimi, bado. Kabla ya kichuguu nilikuwa nasemeshwa kupitia birika na mlango. Sasa nilisemeshwa kupitia birika, mlango, mama chai na Bwana Pole. Nilikuwa nimempatia wasaidizi zaidi wa kutonisemesha. Nilibeba kiti kwenda, nikabeba kiti kurudi, na njiani mama alizungumza na mkoba wake.

Kisha Alhamisi moja alimwambia mama chai, "Jumamosi narudi kwangu."

"Mbona umeshapazoea?"

"Pazuri. Nimetazama, nimeona. Lakini mtu hawezi kukaa kwa watu kwa sababu ya treni. Binti yangu ana mume wake, wanaelewana, mimi hapa ni kiti cha ziada."

Jioni alimwambia na binti yake. Mke wangu hakubishana. Alikwenda kufua sare zake, akazifua mara mbili. Akamkatia mama tiketi kama alivyotakiwa, akaja kulala, na mimi nikalala macho makavu nikiiona picha ya yule mama sakafuni kwake, akisubiri mtu ashangae kuhusu dirisha. Iliniuma sana. Nilikuwa nimeshamzoea, na nililiona hilo kwa kuchelewa.

Ijumaa tulikwenda kichuguuni kwa mara ya mwisho. Nilivaa kizibao changu cha kazini, maana nilikuwa nasubiri mteja. Na chenyewe ni cha njano, cha mistari inayong'aa. Nilikinunua kwa sababu fundi mwenye kizibao anaheshimiwa zaidi, hata kama kazi yake ni ileile ya kuingiza mkono chooni. Mabehewa yalikuwa yamesimama langoni yakisubiri. Barabara ilikuwa tupu, na Bwana Pole, kwa kuwa mama anaondoka kesho, alikuwa ameenda kibandani kumwagizia chai ya heshima.

Simu yangu ikaita. Ni mteja, mama mmoja wa nyumba ya ghorofa, analia. Dari lake linatiririka maji.

"Funga koki kuu," nikamwambia.

"Sikusikii."

Kwenye ukuta wa kiwanda mtandao ni wa kubahatisha. Nikasogea. Nikasogea tena. Mahali pekee simu iliposhika vizuri palikuwa katikati ya reli, nami nikasimama hapo, mgongo umeelekea lango, akili yote iko kwenye dari la watu.

"Koki iko chini ya sinki. Umeiona? Shika. Sasa zungusha. Zungusha kulia. Zungusha, zungusha, usiogope."

Mimi siwezi kueleza kitu bila mikono. Mkono wa kushoto ulishika simu, mkono wa kulia ulizungusha koki hewani, koki kubwa kabisa, duara pana la kufurahisha. Dereva akachungulia kwenye ile kona, akaona kizibao cha njano pale kivukoni, akaona mkono unazunguka vizuri kuliko siku zote. Pengine alijisemea, kweli leo Bwana Pole ameamka. Akasukuma.

Mimi sikusikia kitu. Kelele ilikuwa nyuma.

Nilichoona ni mama kusimama. Alisimama kwa nguvu kiti kikaanguka, akatupa mikono yote miwili juu, imenyooka, vidole vimetanuliwa, akabaki hivyo kama mtu aliyepigwa picha. Nikamwonea huruma. Nikadhani ni kuaga. Ndipo nyuma yangu nikasikia go, go, go, go, ile sauti inayokimbia, ikija upande wangu badala ya kwenda, ikamalizikia karibu sana. Nikageuka. Chuma cha mbele cha behewa kilikuwa kimesimama pale ambapo ningenyoosha mkono ningekigusa, na sikuunyoosha.

Nikakaa juu ya reli.

Mama alishuka kichuguu kile bila mguu mbovu, bila kushikwa na mtu. Akaja akasimama mbele yangu. Nilitazama kushoto na kulia nione leo nitasemeshwa kupitia nini. Hakukuwa na kitu.

"Wewe," akasema. "Una kichwa au umewekewa koki juu ya shingo?"

"Unasema na mimi, mama?"

"Kwani kuna mpumbavu mwingine amekaa relini? Simama. Toka hapo. Unaiita treni kwa mkono wako mwenyewe, halafu unaipa mgongo? Ningemwambia nini mwanangu? Ningerudi na kiti tu, nimwambie nini?" Akanishika mkono akanivuta kutoka relini, akanishika na wa pili, akanitikisa. "Mwanamume mzima. Mwanamume mzima hujui kutazama nyuma."

Dereva alikuja mbio, amepauka. Bwana Pole naye alikuja, kikombe mkononi, chai imemwagika yote kwenye viatu.

"Nani alinipa ishara ya kusimama?" dereva akauliza.

"Mimi," akasema mama, bado amenikamata.

"Niliona mikono miwili. Sikuuliza ya nani." Akafuta jasho, akamtazama Bwana Pole, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. "Na wewe ni nani?"

"Ni mkwe wangu," akasema mama, kwa namna ambayo sikujua kama ananitetea au ananishtaki.

Simu ilikuwa imeanguka kwenye kokoto, na ndani yake sauti ya mteja ilikuwa bado inasema, "Fundi, maji yamekatika. Niendelee kuzungusha?" Mama aliiokota. "Acha kuzungusha," akamwambia, akakata.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alinisemesha. Mshindo niliokuwa nimeusubiri miaka sita ulifika wote kwa mkupuo. Niliambiwa ninavyokunywa chai kwa kelele. Niliambiwa suruali niliyovaa siku ya harusi ilikuwa ya mtu mwingine na kila mtu aliona. Niliambiwa nacheka kabla sijamaliza kichekesho, ndiyo maana hakiwahi kuchekesha. Niliambiwa namshika mtu ngazini kama nabeba tangi la maji. Watu waligeuka kututazama, nami nilibeba kile kiti nikiitikia, ndiyo mama, ni kweli mama, huku moyoni nina raha ambayo siwezi kumweleza mtu mwenye akili timamu.

Mke wangu alirudi kazini akatukuta jikoni, tunabishana kuhusu chumvi. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Mama akaniambia, "Nipe kile kijiko," nami nikasema, "Kipi?" naye akasema, "Hicho kilichokaa mbele ya macho yako, ambayo leo tumeona hayana kazi." Mke wangu akashika fremu ya mlango.

"Mama," akasema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "basi la kesho linaondoka mapema. Nikuamshe saa ngapi?"

Mama hakugeuka. Alikuwa anaonja.

"Hiyo tiketi kairudishe," akasema. "Siwezi kumwachia mwanangu mtu asiyejua kuvuka reli."